Neno Lisilopelekwa kwa Karatasi

Usumbura, 14 Septemba 1952

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba unayemsomea, shikamoo nawe. Tafadhali usiruke maneno, hata yale utakayoona ni ya kipuuzi, maana hayo ndiyo Mama anayapenda.

Nimefika salama. Meli kutoka Kigoma ilinitapisha njia nzima, lakini nilipoona nchi nikapona. Shule ni kubwa kuliko misheni yetu ya Ushirombo, ina ngazi ndani ya nyumba na maua ambayo hayaliwi. Wanafunzi karibu wote ni mabinti wa Wabelgiji na wa wafanyabiashara wa Kigiriki. Sisi weusi tuko wanne tu, na tunalala chumba chetu wenyewe juu ya stoo ya viazi.

Hapa ni Kifaransa tangu kuamka hadi kulala. Ukisema neno la kwenu unavishwa kibao cha mti shingoni, na hukivui mpaka umsikie mwenzako naye akikosea, ndipo unamvisha yeye. Nilikivaa karibu wiki nzima. Kisha nikamsikia Apolonia, msichana wa Gitega, akimtukana mbu kwa Kirundi, nikamvisha bila huruma.

Barua za Jumapili tu ndizo tumeruhusiwa kuandika Kiswahili, kwa sababu wazazi wetu hawajui Kifaransa. Lakini lazima Sista Odila azisome kwanza. Ni yule yule aliyekuwa zahanati ya misheni hapo kwetu, aliyenichagua akanileta huku. Anasoma Kiswahili vizuri kuliko anavyokisema. Kwa hiyo, Mama, chakula ni kizuri sana.

Nitakuja likizo ndefu ya Julai. Nakukumbuka mpaka naona aibu, msichana mkubwa kama mimi.

Mwanao,
Euphrasia


Ushirombo, 20 Oktoba 1952

Wewe Euphrasia,

Mhola? Mimi mhola. Baba yako anasema barua haianzi hivyo, eti huanza kwa jina la Yesu na salamu za ukoo mzima. Nimemwambia kalamu ni yake, mdomo ni wangu. Yeye ni katekista kanisani, hapa ni mwandishi wangu tu. Amekunja uso kama mtu aliyemeza kwinini, lakini anaandika.

Hicho kibao kimeniudhi. Huku kwetu anayefungwa mti shingoni ni mbuzi mwizi, asipenye ua wa shamba la watu. Mwambie Sista Odila hivyo. Najua anasoma hapa. Sista, mhola? Mtoto wangu si mbuzi. Ingawa karanga zangu za mbegu mwaka ule ziliisha, na mbuzi hatukuwa naye.

Nimekutumia michembe kwenye kitambaa. Viazi nimevikata na kuvianika mwenyewe. Kula wewe na huyo mtukana mbu, Wagiriki wakale vya kwao. Kaka yako Donatus bado yuko mgodini Geita, anashuka chini ya ardhi kila siku kama panya. Nimezaa watoto wawili, mmoja kaenda ng'ambo ya ziwa, mwingine kaenda chini. Juu ya nchi nimebaki na baba yako, na mazungumzo yake ni ya watakatifu tu.

Kisome hicho Kifaransa upesi, ukimalize, urudi. Mimi sikukuzaa nikusikie kwenye karatasi.

Mama yako, Mbuke
(ameweka kidole)

Imeandikwa na baba yako Bartholomeo, aliyekatazwa kusahihisha.


Ushirombo, 3 Februari 1953

Mwanangu Donatus,

Ulipopanda lori kurudi mgodini hatukuwa tumezungumza sawasawa, kwa sababu nyumba ilikuwa bado imejaa waombolezaji. Sasa wamepungua. Nakaa upande wangu wa nyumba, na upande wa mama yako siwezi kuutazama.

Tulimzika tukiwa wachache wa damu yake, na mmoja hayupo. Euphrasia hajui. Nilikosa kumwita wakati wa ugonjwa kwa sababu nilidhani ni kifua cha mvua tu, kitapona kama kilivyopona mwaka juzi. Nilijidanganya. Wewe mwenyewe ulikuwa umemshika kichwa aliposema, "Kifaransa kimetosha. Mleteni Euphrasia." Hakusema neno jingine mpaka alipokata roho.

Padri amejitolea kuwaandikia masista wa shule ili wamwambie. Nimemkatalia kwa heshima. Wewe unajua kwetu habari ya kifo haiendi kwa karatasi, wala haipelekwi na mtu baki. Hupelekwa na ndugu. Anamketisha mfiwa chini, naye anaketi, ndipo anatamka, na wanawake wawepo wa kumshika. Mtu akipata habari hiyo peke yake, inamkaa rohoni haitoki.

Mimi ni mgane, siwezi kusafiri kabla ya kuanua matanga. Kwa hiyo ni wewe. Omba ruhusa kazini. Pitia Tabora, panda gari la moshi mpaka Kigoma, kisha meli. Mwambie dada yako, kisha mlete nyumbani kama mama yako alivyosema.

Baba yako,
Bartholomeo Bujiku


Kigoma, 2 Machi 1953

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa njiani kurudi, na niko peke yangu. Nimeshindwa.

Nilifika shuleni, wakaniambia wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi tu. Nikangoja mjini. Siku hiyo nikaingizwa chumba cha wageni, kina viti viwili vinavyotazamana kwa mbali na saa ya ukutani inayopiga kelele. Katikati akaketi sista mmoja mzee, anafuma. Huyo hajui Kiswahili hata kidogo. Kabla sijakaa aliniashiria nivue kofia, eti ndiyo adabu yao mbele ya mwanamke. Nikavua.

Euphrasia akaingia anakimbia, halafu akasimama. Amerefuka, Baba. Amevaa viatu. Akamwomba yule mzee jambo kwa Kifaransa, kisha akaniambia tumeruhusiwa salamu tu kwa Kiswahili, yanayobaki yawe kwa lugha ambayo sista anaielewa. Yanayobaki! Mimi nina Kifaransa gani? Nikamuuliza habari za masomo. Akasema nzuri. Nikamuuliza habari za chakula. Akasema nzuri. Akaniuliza, "Mama hajambo?"

Baba, ningesemaje? Hakuna mwanamke wa kumshika, hakuna pa kuketi chini, sakafu inang'aa kama sahani, na yule mzee anafuma. Nikasema, "Wanakusalimu wote." Nikaletewa biskuti nikala. Baadaye kengele ikalia, akanipa mkono kama mzungu, akaondoka.

Nilirudi kesho yake, bawabu akanifukuza. Nimebeba habari kwenda na kurudi nayo. Nisamehe.

Mwanao,
Donatus


Usumbura, 8 Machi 1953

Mama,

Shikamoo.

Kaka Donatus alikuja. Nilifurahi kumwona. Amekonda kidogo lakini ana nguvu.

Hapa mvua nyingi. Nimepata namba ya pili katika imla ya Kifaransa. Wa kwanza ni binti wa daktari, na kwake ndiyo lugha ya kunyonyea.

Mama, niandikie. Hata mistari miwili. Niambie lolote, hata ukinisema.

Mwanao,
Euphrasia


Ushirombo, 2 Aprili 1953

Mwanangu mpendwa Euphrasia,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Neema na amani ya Mungu ikae nawe daima. Mimi mama yako ni mzima wa afya, na baba yako ni mzima, na majirani wote wanakusalimu.

Tumefurahi sana kusikia kuwa umepata namba ya pili. Ongeza bidii. Mtama mwaka huu umestawi na ng'ombe wanapata majani ya kutosha. Usiache kusali rozari, na uwatii masista katika mambo yote.

Usiwe na wasiwasi juu ya nyumbani.

Mama yako, Mbuke


Ushirombo, 4 Aprili 1953

Donatus,

Dada yako ameandika barua kwa mama yako, naye anaomba jibu. Nimeizunguka barua hiyo wiki nzima. Nikinyamaza, kimya changu kitamwambia. Nikiandika kweli, karatasi itamwambia akiwa juu ya stoo ya viazi, kati ya watoto wa kigeni, na kibao shingoni asiweze hata kulia kwa lugha yake.

Nimemjibu kwa jina la mama yako. Ni mpaka Julai tu, atakapokuja likizo, nimketishe mwenyewe. Miaka yote nimeandika maneno ya mama yako nikinung'unika kwamba hayana mpango. Safari hii nilikaa na kalamu nikingoja aseme, nikajikuta nalia mezani kama mtoto.

Baba yako


Geita, 19 Aprili 1953

Baba,

Shikamoo. Mwambie. Mila ni ya watu wanaofikiana. Huyu yuko nyuma ya ukuta, na mimi nimeuona huo ukuta. Mwandikie kwa mkono wako na jina lako, alie atakavyolia, arudi. Mama hakusema tungoje Julai.

Nimesema kwa adabu. Nikisema zaidi nitakosa adabu.

Donatus


Usumbura, 10 Mei 1953

Mama,

Shikamoo.

Leo nina neno kubwa. Sista Odila anakwenda kwao Ubelgiji mwezi wa Julai, na amepata nafasi ya kunichukua. Ni shule ya ualimu, miaka minne, na huko hakuna kuja likizo. Anasema ni bahati ambayo haimjii msichana wa kwetu mara mbili. Nikikubali, sitapita nyumbani. Nikikataa, nitarudi Julai moja kwa moja, kwa sababu nafasi yangu hapa atapewa mwingine.

Nimemwambia Sista kwamba nitafanya atakavyosema mama yangu. Ukisema rudi, narudi. Ukisema nenda, nakwenda.

Nangoja neno lako, Mama. Lako wewe.

Mwanao,
Euphrasia


Ushirombo, 5 Juni 1953

Mwanangu mpendwa Euphrasia,

Nakusalimu katika jina la Bwana.

Nimeisoma barua yako, yaani nimesomewa, na nimefikiri sana. Mtoto ni wa Mungu kabla ya kuwa wa mzazi. Sitaki useme siku moja kwamba mama yako alikufungia mlango. Miaka minne si mingi. Elimu ni mali isiyoibwa.

Nenda, mwanangu. Nakupa baraka zangu zote.

Mama yako, Mbuke


Usumbura, 24 Juni 1953

Baba,

Shikamoo. Barua hii haikupitia kwa Sista Odila. Anaitia posta Mwanaima, mama wa Kiswahili anayeuza samaki jikoni kwetu. Juzi alinikuta nalia nyuma ya jiko, akanificha ndani ya kanga yake nisionekane.

Najua kuwa Mama amekufa.

Nilijua tangu Kaka Donatus alipovua kofia. Nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Kwetu kijana hanyolewi kichwa kizima bila msiba mzito. Nikajaribu kufikiri labda ni wewe. Nisamehe, Baba, kwa dakika moja nilikuua wewe ili Mama abaki. Lakini ingekuwa ni wewe, Mama asingemtuma mtu. Angekuja mwenyewe kwa miguu na kugombana na bawabu. Nikamuuliza Kaka kama Mama hajambo, akaniambia wananisalimu wote. Basi. Nikampa mkono kwa sababu ningemkumbatia ningepiga yowe, na yule sista mzee angedhani nimepigwa.

Nikaandika barua kwa Mama ili mniambie. Ikaja barua ya Mama. Baba, Mama hakuwahi kunitakia neema ya Mungu bila kunisema kwanza. Sijawahi kusoma barua ya Mama isiyo na tusi hata moja. Lakini niliiweka chini ya mto. Nilijiambia, labda amepata dini. Nilitaka zije zaidi, hata hizo za uongo.

Nilipouliza habari ya Ubelgiji nilikuwa nakuuliza wewe. Nilikuwa na hakika kwamba hapo utashindwa, utaweka kalamu ya Mama chini na kushika yako, uniambie, "Euphrasia, mama yako hayupo, rudi." Umeniambia nenda. Sasa sijui. Labda kweli mnataka niende. Labda Mama mwenyewe ndivyo alivyosema, nawe unapeleka neno lake.

Treni ya kutoka Kigoma itafika Tabora asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Julai, nayo husimama kwa muda mrefu kubadilisha injini. Nitakuwemo pamoja na Sista, tukienda Dar es Salaam kupanda meli. Njoo, Baba. Niketishe chini uniambie kwa mdomo kama inavyopasa. Kisha nitakuuliza jambo moja tu, kama Mama alitaka nirudi. Kama alitaka, nitashuka hapo hapo na sanduku langu, Sista apige kelele anavyotaka. Kama hakutaka, nitaendelea.

Mwanao,
Euphrasia


Ushirombo, 21 Julai 1953

Donatus mwanangu,

Nimerudi jana. Mwili unauma wote, maana nilikwenda Tabora juu ya magunia ya karanga na nikarudi juu ya magunia matupu, ambayo ni mabaya zaidi.

Niliifikia treni. Nilifika mapema hata wanawake wauza asali pale stesheni wakaanza kuniuliza namngoja nani, nikawaambia binti yangu. Njia nzima nilikuwa nimeapa kusema kweli yote. Nilikuwa na maneno ya mama yako mdomoni kama alivyoyasema, Kifaransa kimetosha, mleteni. Hata nilikuwa nimemwomba dereva wa lori anitunzie nafasi ya watu wawili.

Akashuka. Donatus, nilimwangalia mtu mwingine kwanza, nikidhani huyo ndiye yeye. Ana kofia ya majani, soksi, na sanduku mkononi. Akapiga goti akaniamkia, "Shikamoo Baba," na sauti ndiyo ile ile. Nikaketi chini nikamwambia naye aketi. Akaketi vumbini na nguo yake nyeupe. Sista Odila alikuwa nyuma, anasema nguo, nguo.

Nikamwambia, "Euphrasia, mama yako Mbuke amefariki." Alikuwa anajua tangu Februari, lakini hakuwa ameambiwa. Alipiga yowe ambalo sijalisikia hata siku ile ya kuzika. Wale wauza asali wakaweka vibuyu vyao chini, wakaja, wakamshika, wakalia naye. Hawatujui hata jina. Mmoja alimvua kofia akamlaza kichwa mapajani pake. Sista alidhani kuna ugomvi, nikamweleza, naye akaweka mkoba wake chini akapiga magoti kando yetu, akakaa hivyo mpaka kilio kilipotulia. Jambo hilo nitamshukuru daima.

Kengele ya kwanza ikalia. Euphrasia akajifuta uso, akaniuliza kama alivyoahidi, "Mama alitaka nirudi?"

Nikafumbua mdomo. Na hapo nikamwona anatupa jicho kwenye behewa, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa. Sanduku lake alikuwa amelishika kwa nguvu. Nikasema moyoni, mtoto huyu anataka kwenda, anaogopa jibu langu. Nikimwambia kweli atashuka, na atashuka kwa ajili ya maiti. Atakuja kukaa upande ule wa nyumba, aolewe hapa, na kila akinitazama ataiona ile treni. Mimi ninamtaka nyumbani kuliko ninavyotaka kula. Ndiyo sababu sikuuamini mdomo wangu.

Nikamwambia, "Hapana. Alisema usome mpaka umalize."

Akacheka, Donatus. Machozi yamefika kidevuni, na akacheka, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, Baba." Hapo nikajua nimesema sawa, kwamba hicho ndicho alichokuwa anakingoja. Na sijawahi kuumia namna ile. Nilikuwa bado na tumaini dogo kwamba atabisha.

Akapanda. Wanawake wakanipa asali, wakakataa malipo.

Wewe ulikuwepo, unajua mama yako alisema nini. Usije ukamwambia hata siku moja. Muache asome akiwa na moyo mweupe.

Baba yako,
Bartholomeo Bujiku


Melini, kabla ya Aden, 1 Agosti 1953

Kaka Donatus,

Shikamoo. Barua hii nitaitia posta Aden. Nimekuandikia wewe, si Baba, na ukiisha kuisoma uichome.

Nadhani Baba amekwisha kukusimulia Tabora, na amekwambia kwamba nilicheka. Ni kweli, nilicheka.

Kaka, Baba anajua kudanganya kwa kalamu tu. Kwa mdomo hajui kabisa. Nilipomuuliza, alitazama viatu vyangu, akajibu kwa sauti ile anayosomea matangazo kanisani. Nikajua papo hapo kwamba Mama alitaka nirudi. Nilikuwa nimekwisha kulishika sanduku ili nibaki nalo. Nilitupa jicho ndani ya behewa kuangalia kama nimesahau shuka langu.

Lakini nikamtazama Baba. Amezeeka, Kaka. Mashavu yameingia ndani, nguo zake zina vumbi la magunia, na amesafiri hivyo ili aje aniambie niende. Nikafikiri, basi huyu hanitaki nyumbani. Nikirudi nitakuwa nimekuja na sauti ya Mama na pua ya Mama, nitamkumbusha kila asubuhi. Amechagua nisiwepo, naye hana nguvu za kuniambia hivyo waziwazi. Nikaona nikimbishia nitamvunja mbele ya watu. Ndipo nikacheka, na nikamshukuru, ili aende zake akiwa mwepesi.

Sista Odila ni mwema kwangu. Amenikubalia kusema Kiswahili naye humu melini, anasema atakikumbuka. Tunakisema wakati wa kula. Baada ya hapo hatuna la kusema.

Usimwambie Baba. Mwache aamini kwamba nilitaka kuja huku.

Ningeshuka, Kaka. Hata asingesema kitu, angenyamaza tu, ningeshuka.

Mdogo wako,
Euphrasia